Mwamvua na Maji ya Kufulia

Mwamvua Sefu hakupanga kuwa dobi. Alikuja Mikumi kutoka Kilosa kumuuguza mama yake mdogo, aliyekuwa na nyumba nyuma ya stendi, na mgonjwa alipopata nafuu jirani mmoja akamwambia kuna hoteli pembeni ya barabara ya Iringa inatafuta mtu wa kupiga pasi. Akaenda akiwa amejifunga kanga juu ya gauni, akanyoosha shuka moja mbele ya mama msimamizi, akaambiwa aje kesho asubuhi. Alikwenda kesho yake, na hajaacha kwenda mpaka leo, miaka kumi na tatu imepita.

Hoteli yenyewe inaitwa Mtundwi Lodge. Si kubwa. Ina vijumba vya wageni vilivyotawanyika kwenye mteremko, bwawa la kuogelea, na ukumbi wa chakula unaotazama upande wa hifadhi, ambako mgeni mwenye bahati anaweza kuona tembo wakipita huku yeye anakunywa chai. Mwamvua hakuwa akiwaona tembo hao mara nyingi. Mahali pake palikuwa nyuma kabisa, kwenye chumba cha kufulia, penye mashine mbili kubwa, kikaushio cha umeme kinachonguruma kama lori, meza ya pasi na redio. Miaka ilivyokwenda akawa ndiye mkubwa wa chumba hicho. Shuka za Mtundwi zilisifiwa kwa weupe wake, na sifa hiyo aliijua na aliipenda.

Alipokuja meneja mpya, Nikolaus, mambo ya mazingira ndiyo yakawa wimbo. Nikolaus alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezoea kusema huku anafuta miwani. Kila Jumatatu aliwakusanya wafanyakazi akawaambia wazime taa wasizozihitaji, wasitupe chupa za plastiki ovyo, wasipoteze maji. Akaweka kadi vyumbani: mgeni anayetaka kulitumia taulo tena alitundike kwenye ndoano, anayetaka jipya aliache sakafuni. Wafanyakazi waliitikia, wakatoka, wakaendelea kama jana. Walimsikiliza kama mtu anavyosikiliza tangazo la redio huku anakuna nazi.

"Haya ni mambo ya kuwapendeza wageni," alisema Tumwagile, mhudumu wa vyumba. Tumwagile alikuwa binti wa Tukuyu, mcheshi, mwepesi wa miguu, na ndiye aliyekuwa rafiki wa Mwamvua kazini. "Mimi nikianza kukagua ndoano moja moja nitamaliza saa ngapi? Nachukua yote, unafua yote, maisha yanaenda."

"Lete tu," Mwamvua alimjibu. Na kweli alifua yote, yaliyokuwa sakafuni na yaliyokuwa kwenye ndoano, akayakausha kwa umeme hata siku za jua kali.

Basi ikaja masika ile ambayo watu wa Kilosa hawaisahau. Mvua ilinyesha milimani mfululizo, na Mto Mkondoa ukajaa ukavuka tuta. Simu ilimkuta Mwamvua anakunja foronya. Alikuwa jirani wa mama yake, mtaa wa Magomeni, na sauti ilikuwa inakatikakatika.

"Mwamvua, maji yameingia ndani. Mama yako tuko naye huku shuleni, ni mzima. Lakini nyumba, mh, nyumba usiulize."

Aliacha foronya pale pale, akaenda ofisini. Nikolaus alikuwa anazungumza na mtu wa mboga.

"Meneja, naomba ruhusa. Mafuriko yamemkuta mama yangu Kilosa."

Nikolaus akamwacha mtu wa mboga. "Yuko salama?"

"Wanasema yuko shuleni."

"Na wewe utafikaje? Nasikia barabara imeharibika huko Ulaya."

"Nitafika. Hata kwa bodaboda."

"Hapana. Chukua vitu vyako, Evance atakupeleka na pikapu. Itakapokwama ndipo utashuka."

Ulaya ni kijiji kilichopo njiani, na kweli ndipo walipokwama. Evance, dereva wa hoteli, alisukuma, akasukumiwa, wakaendelea, na jioni Mwamvua aliingia Kilosa akiwa na tope hadi magotini. Alimkuta mama yake, Bi Mwanaidi, amekaa juu ya dawati darasani, kanga imemkaukia mwilini, amemkumbatia kuku mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika. Basi mimi nimebaki na huyu," akasema, akimwonyesha kuku, na hapo ndipo Mwamvua alipolia.

Maji yalipopungua waliirudia nyumba. Ukuta wa jikoni ulikuwa umelala chini. Ndani tope lilifika usawa wa kitanda, na lilinuka, kwa sababu vyoo vya mtaa mzima vilikuwa vimefurika pamoja na mto. Mwamvua alianza kulitoa kwa sufuria. Akichota, jingine linajisogeza. Jirani naye anachota la kwake, na wa pili la kwake, kila mtu na mzigo wake, hakuna wa kumwomba mwenzake msaada.

Siku hiyo hiyo, mchana, lori lilisimama njia panda. Mwamvua aliinua uso akaona kofia anayoijua, ya mtunza bustani wa Mtundwi. Nyuma yake alikuwa mpishi. Nyuma ya mpishi, Tumwagile, amefunga kitenge kiunoni. Walishusha majembe, makoleo na mikokoteni, wakashusha blanketi na magodoro ya hoteli. Nikolaus mwenyewe alishuka akiwa na gambuti, akauliza, "Tuanzie wapi?"

Hawakuanzia kwa Bi Mwanaidi. Yeye mwenyewe alikataa, akasema waanze kwa mzee wa nyumba ya pili anayeumwa miguu. Wakaanza kwa huyo mzee, wakaja kwa Bi Mwanaidi, wakaendelea na mstari mzima wa nyumba. Wengine wao ilikuwa siku yao ya mapumziko. Hakuna aliyewalazimisha kuja. Gari lilitangazwa asubuhi na waliotaka walipanda. Palikuwa na bango lenye jina la hoteli, na picha zilipigwa, maana mwenye hoteli aliyeko Dar es Salaam alitaka kuona. Bi Mwanaidi alimwona mpiga picha akimlenga, akajipangusa tope shavuni.

"Nipige vizuri," akasema. "Na mwandike kwamba kawaida huwa nimependeza."

Watu walicheka, wakiwa wamesimama kwenye tope.

Kitu ambacho Mwamvua hakukisahau ni kumwona Tumwagile amechuchumaa uani akisugua masufuria ya mama yake. Tumwagile hakuwa na ndugu hata mmoja Kilosa. Alisugua sufuria moja kwa majivu, akaliinua kwenye mwanga, hakuridhika, akalirudia.

Hoteli ilirudi tena. Kisima cha pampu cha mtaani kilikuwa kimeingiwa na uchafu, na wanawake walikuwa wakichemsha maji yake huku wameziba pua. Mtundwi ilileta mafundi wakakisafisha, wakakitibu kwa dawa, wakainua msingi wake kwa zege ili mto ukija tena usikifikie kirahisi. Siku ambayo maji masafi yalitoka, Bi Mwanaidi alikinga kwa kiganja, akanywa, akamtazama binti yake.

"Hawa watu wako ni watu," akasema. "Uwatunze."

Mwamvua alirudi Mikumi na maneno hayo. Hakujua awatunze kwa namna gani. Hakuwa na kitu cha kuwapa, na asante alikwisha kuitoa kwa kila mmoja, mpaka mpishi akamwambia inatosha sasa. Lakini Jumatatu, Nikolaus aliposimama kusema yale yale ya siku zote, taa, chupa, maji, Mwamvua alishangaa kujikuta anasikiliza. Mtu huyu aliyekuwa anafuta miwani ndiye aliyesukuma mkokoteni wa tope la choo mtaani kwao. Alipotamka neno maji, Mwamvua aliona kiganja cha mama yake.

Siku hiyo hiyo alimwambia Tumwagile, "Mdogo wangu, taulo za kwenye ndoano usiniletee tena."

"Dada Mwamvua! Tumekubaliana nini?"

"Najua. Utachelewa. Basi nguo zikipungua huku, mimi nina nafasi. Nitakuja tutandike vitanda pamoja."

Tumwagile alimtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Lakini alikubali, na Mwamvua alikuja kweli. Wakawa wanatandika wawili, mmoja upande huu wa kitanda na mwingine upande ule, wakipiga soga, na wakagundua kazi inaisha mapema kuliko zamani.

Kisha Mwamvua akazima kikaushio, akafunga kamba nyuma ya chumba cha kufulia, akaanika juani. Hilo lilimletea vita asivyovitegemea. Nyani wa Mikumi hawaogopi mtu anayewafukuza kwa kanga. Asubuhi moja nyani dume alishuka ukutani, akavuta shuka la kitanda kikubwa, akakimbia nalo likiburuzika nyuma yake kama gauni la bibi harusi. Mwamvua alimfuata anapiga kelele, mtunza bustani anamfuata Mwamvua, na wageni wa mezani walisimama na simu zao. Shuka lilipatikana juu ya paa, limechanika katikati.

Wafanyakazi walimcheka wiki nzima. Lakini mtunza bustani, baada ya kucheka, alileta nguzo na wavu, wakajenga uzio na kuufunika juu. Hakuombwa na mtu. Mpishi naye akaanza kutenga maganda ya mboga kwa ajili ya mbolea ya bustani. Mambo yalianza kusambaa hivyo, polepole, bila tangazo. Wale waliopanda lori kwenda Magomeni ndio waliokuwa wa kwanza, na wasiokwenda wakawa wanafuata.

Hapo Mwamvua alikuwa na furaha na kazi yake kuliko wakati wowote. Ndipo alipokuja Namnyaki.

Namnyaki alikuwa mama wa Kimaasai, mtu mzima, ambaye boma lao lilikuwa chini ya mteremko, ng'ambo ya korongo. Alisimama kwenye geti la nyuma akaomba kuonana na mtu anayefua.

"Shikamoo mama," Mwamvua alimwamkia.

"Marahaba. Wewe unafua?"

"Ndiyo, mama."

"Njoo uone."

Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na hakuongeza neno. Mwamvua alimfuata chini kwenye korongo ambalo hakuwahi kulishukia hata siku moja. Hapo aliliona bomba la chumba chake limetokeza kwenye ukingo. Maji ya kijivu yalikuwa yanatiririka kutoka hapo, na penye mawe yalitoa povu jeupe. Chini zaidi yalijikusanya kwenye kidimbwi, na pembeni ya kidimbwi kulikuwa na kwato za ndama.

"Wanakunywa hapa," Namnyaki alisema. "Wanaharisha. Mmoja amekufa. Kama ni maji au si maji, mimi sijui. Lakini sisi tuna dimbwi hili tu mpaka mvua."

Ile harufu ya sabuni ilikuwa harufu ya mikono yake mwenyewe.

Alirudi kazini akashinda vibaya. Hoteli hii ilikuwa imemtoa mama yake kwenye tope. Sasa yeye aende ofisini aseme hoteli inachafua maji ya watu? Ataonekana mtu wa namna gani? Tumwagile alipomuuliza ana nini, alimweleza.

"Ungeyanyamazia, nani angejua?" Tumwagile akauliza.

"Namnyaki anajua."

Ilimjia sura ya wanawake wa mtaa wao wakichemsha maji ya kisima wameziba pua. Hakuna aliyekuwa amewaletea uchafu ule kwa makusudi. Na wale waliokuja kuusafisha hawakuwa wameuleta. Alijiuliza watu hao hao wa hoteli wangependa kuambiwa au kufichwa, akaona jibu liko wazi. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, alibisha mlango wa ofisi.

"Meneja, nina jambo zito. Naomba usinielewe vibaya."

"Kaa, dada Mwamvua."

Alilisema lote akiwa amesimama. Nikolaus alivua miwani lakini hakuifuta. Mwanzoni alijitetea: mfumo ule ulikuwepo kabla yake, na hoteli nyingi zina bomba la namna hiyo. Kisha akatazama dirishani.

"Nimekagua jiko, nimekagua shimo la taka," akasema. "Maji ya kufulia sikuwahi kuyafuata yanakokwenda."

"Hata mimi, Meneja. Na mimi ndiye ninayeyamwaga."

"Twende unionyeshe."

Walishuka pamoja. Namnyaki alikuwepo na ng'ombe wake. Nikolaus alimwamkia shikamoo, akachuchumaa kwenye kidimbwi, akagusa povu kwa vidole. Alimwambia mama yule kwamba anaomba radhi, na kwamba kuanzia siku hiyo maji yale yatazuiwa kwenye shimo la muda, hayatateremka tena huko; ng'ombe watapata maji safi ya kisima cha hoteli getini, wakati wanatafuta njia ya kudumu. Namnyaki alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama Mwamvua, kana kwamba anauliza kama maneno hayo ni ya kuaminiwa. Mwamvua akatikisa kichwa kukubali.

Mwenye hoteli huko Dar hakufurahi kusikia, wala hakutoa kila kilichoombwa. Aliruhusu mtaalamu mmoja aje kutoka Morogoro aseme nini kifanyike. Mtaalamu alichora mashimo ya kuchujia: maji yapite kwenye shimo la kwanza yatulie, yapite kwenye kokoto na mchanga, kisha yaingie kwenye bustani ya matete, na ya mwisho yanyweshe migomba. Kuchimba kungehitaji vibarua, na fedha za vibarua hazikuwa zimetolewa. Nikolaus alilieleza hilo kwenye kikao cha Jumatatu kama lilivyo. Hakuwaomba.

Evance ndiye aliyesimama. "Tulichimba Kilosa kwa watu tusiowajua," akasema. "Hapa ni nyumbani kwetu."

Wakachimba wenyewe, alasiri baada ya alasiri, kila mtu akimaliza zamu yake. Vijana wawili wa boma la Namnyaki walikuja kuwaangalia, wakaishia kushika makoleo. Mwamvua alibeba kokoto kichwani kwa karai, na Tumwagile alipanda matete huku akiimba nyimbo za kwao ambazo hakuna aliyezielewa.

Haikuwa rahisi yote. Sabuni ilibidi ibadilishwe, kuletwa isiyo kali, na dawa ya kung'arisha ikaachwa kabisa. Shuka zikapoteza ule weupe wa kuumiza macho. Mgeni mmoja alilalamika, na Mwamvua aliumia, kwa sababu weupe huo ndio uliokuwa jina lake. Kwa muda alikuwa akizitazama shuka kwenye kamba kama mtu aliyepungukiwa. Alijaribu kuloweka muda mrefu zaidi, akajaribu kuanika mapema jua likiwa bado changa na kugeuza mchana. Zikaanza kurudi. Hazikuwa kama zamani, lakini zilikuwa safi, na zilinukia jua badala ya dawa.

Mvua zilipokuja na kwenda, korongo liliosheka. Siku moja Namnyaki alifika geti la nyuma na kibuyu cha maziwa mgando, hakutaka kuingia, hakutaka kulipwa. Alimpa Mwamvua mkononi.

"Ndama wanakua," akasema tu, akaondoka.

Maziwa yale waliyanywa wote chumba cha kufulia, kikombe kikipita mkono kwa mkono, mpaka Nikolaus aliyekuja kuuliza habari ya mapazia akapata funda la mwisho.

Mwaka jana Nikolaus alihamishwa kwenda kusimamia hoteli nyingine ya mwenye mali huyo huyo, huko Iringa. Wafanyakazi walimwandalia chakula cha mchana, pilau na kuku, na kila idara ikapewa nafasi ya kusema. Zamu ya kufulia ilipofika, Tumwagile alimsukuma Mwamvua mbele. Bi Mwanaidi alikuwepo pia. Alikuja kwa basi kutoka Kilosa, amevaa kanga mpya, na alikuwa ameketi mstari wa mbele kabisa kama mgeni rasmi.

Mwamvua hakuwa msemaji. Alishika mikono yake, akaanza.

"Mimi nilikuwa nasikia habari za mazingira, naona ni maneno ya kadi za vyumbani. Ninyi mlikuja kwetu mkashika tope letu. Baada ya hapo sikuweza tena kumwaga maji bila kufikiria yanafika kwa nani. Meneja, ulinipa ruhusa siku ile kabla sijamaliza kuomba. Halafu nilipokuletea habari mbaya ulishuka nami korongoni. Nakushukuru kwa yote mawili, na la pili nakushukuru zaidi. Ni hayo tu."

Alirudi kukaa. Nikolaus alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana. Bi Mwanaidi akamwambia kwa sauti, "Mwanangu, Iringa kuna baridi. Ukae na koti."

Meneja mpya amekuja, mwanamke, mkali kidogo, bado anajifunza majina ya watu. Asubuhi yake ya kwanza alizunguka hoteli nzima na alipofika nyuma aliwakuta Mwamvua na mtunza bustani wanafungua mfereji wa migomba. Aliuliza nani amewapangia kazi hiyo.

"Hakuna, Meneja," Mwamvua alijibu. "Shikamoo. Karibu uone ndizi zetu."